Mfuko wa sandwichi na karatasi ya mkate

Pindua mfuko nje ndani, ushike pembe ya chini kwa vidole viwili, uinyooshe mbele ya dirisha. Kwa nje ni kitenge cha kupendeza, maua ya njano juu ya buluu, zipu imekaa sawa, mshono umenyooka. Ndani ni bitana ya kitambaa cha mwavuli. Na pale pembeni, mishono inapokutana, kuna vidoa vyeusi vidogo vilivyojipanga kufuata uzi. Ukivikwaruza kwa ukucha havitoki. Ukinusa, ni harufu ya mkate uliochacha.

Hiyo ni kuvu, na mfuko huo umekuwa ukifuliwa vizuri tu.

Ukiuliza namna ya kushona mfuko wa sandwichi unaofulika, jibu utakalopewa karibu kila mara ndilo hilo: kitenge nje, bitana isiyopitisha maji ndani, zipu juu. Unapendeza ukiwa mezani na unauzika. Lakini wiki kadhaa sasa kuna swali limekataa kuniacha, na halihusu kuvu peke yake. Kwenye kabati la jikoni, nyuma ya sufuria, kuna rundo la karatasi za mkate. Zile za plastiki zenye jina la kampuni, ambazo kila nyumba huzikunja na kuzitunza. Hazijagharimu chochote zaidi ya mkate wenyewe. Hazipitishi maji. Mkate ukikaa humo haukauki.

Sasa mfuko wa kitambaa umekuja kufanya kazi gani?

## Anayeshindana naye

Makala nyingi kuhusu mifuko hii husema inachukua nafasi ya vifuko vya plastiki vya zipu na vile vijuala vyepesi. Huko kwingine labda. Hapa kwetu Kenya juala lilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na tangazo lile la gazeti rasmi la serikali lilikataza la kubebea na lile bapa lisilo na mkono, ambalo ndilo lilikuwa la njugu na mandazi. Kilichobaki halali ni plastiki inayofungia bidhaa kiwandani. Ndiyo maana karatasi ya mkate ingalipo.

Kwa hiyo chakula cha saa nne cha mtoto wa Nairobi husafiri kwa njia chache zinazojulikana. Karatasi ya mkate. Gazeti, ambalo huachia wino kwenye mandazi yenye mafuta. Foili, ambayo ni ya safari moja. Na kontena, ambayo kwa kweli ndiyo bora kuliko zote mpaka siku kifuniko kinapobaki shuleni.

Karatasi ya mkate tuipe haki yake. Ipo tayari, na kuitumia mara ya pili na ya tatu ni busara kuliko kununua kitu kipya. Ila ina kasoro mbili zisizotibika. Ya kwanza, maandishi yamechapwa upande wa nje, na wengi huigeuza ili jina la kampuni lisionekane, hapo wino unalala juu ya chakula. Ya pili ndiyo kubwa: haioshwi ikaosheka. Ukiisuuza, kuta zake zinanatana, maji yanabaki chini kwenye mshono, na asubuhi unaikuta bado ina matone. Mafuta ya mandazi ndiyo hayatoki kabisa kwa maji baridi, na kwa maji ya moto plastiki inajikunyata.

Basi kitambaa kina jambo moja tu la kujivunia mbele yake. Kinafulika usiku na asubuhi kimekauka.

Ukikiwekea bitana ya mwavuli umekinyang'anya hilo moja. Umeshona karatasi ya mkate ya bei ghali.

## Kwa nini bitana huoza

Mfuko wenye bitana ni mifuko miwili iliyolala mmoja ndani ya mwingine, na katikati kuna nafasi ambayo hakuna mkono wala upepo unaofika. Ukiufua, maji huingia humo kupitia matundu ya sindano. Kutoka ni shida, kwa sababu upande mmoja ni kitambaa kisichopitisha maji. Kitenge cha nje kinakauka kwa saa chache, unakigusa, unasema tayari. Ndani ya mshono bado kuna unyevu, kuna makombo laini ya mkate, na kuna giza. Kuvu haihitaji zaidi ya hapo.

Kitambaa cha mwavuli kina shida nyingine. Kimetengenezwa kwa ajili ya mvua. Kimepakwa dawa ya kuzuia maji, na muuzaji wa soko la Gikomba, hata akiwa mkweli kiasi gani, hawezi kukwambia dawa hiyo ni ipi. Kufunikia kichwa ni sawa. Kufungia mkate wa siagi ni jambo jingine.

Kuna kile kitambaa cha PUL, poliesta iliyobandikwa utando mwembamba wa polyurethane, kinachotumika kwenye nepi na taulo za hedhi za kufuliwa. Hicho angalau kimekusudiwa kufuliwa mara nyingi. Lakini kina masharti: usikichome kwa pini, kila tundu ni mlango wa maji, usikipige pasi moja kwa moja upande wa utando, usikitie kwenye bleach. Ukivunja masharti, utando unaachana na poliesta, unafanya mapovu, kisha unachunika. Na bado ile nafasi ya katikati ipo, isipokuwa ukikitumia peke yake bila kitenge. Peke yake si kibaya. Sura tu ndiyo hakina.

Wengine wanapaka nta ya nyuki. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65 hivi, kwa hiyo kitambaa hicho kinaoshwa kwa maji baridi siku zote za maisha yake. Kwa kufunika bakuli la matunda kinafaa sana. Kwa sandwichi ya yai na siagi, unabaki na mafuta usiyoweza kuyatoa bila kuitoa nta pia.

Hapo ndipo mawazo yangu yaligeuka. Nilikuwa nikitafuta bitana iliyo bora, kumbe hakuna haja ya bitana. Kitambaa kimoja tu, pamba, kilichofumwa kwa kubana, basi.

Pingamizi linakuja papo hapo: mkate hautakauka? Utakauka, kidogo. Sandwichi iliyofungwa saa kumi na mbili asubuhi ikaliwa saa nne haionyeshi tofauti. Ikikaa hadi saa saba, kingo zinaanza kuwa ngumu, hasa Januari na Februari hewa ikiwa kavu. Dawa yake ni kupaka siagi mpaka ukingoni badala ya katikati tu, na kushona mfuko unaobana mkate badala ya ule unaopwaya. Anayetaka kufunga sandwichi usiku wa kuamkia safari atumie kontena. Hilo silibishi.

Kwa mandazi na chapati mambo ni kinyume: kitambaa kitupu kinashinda. Mvuke unatoka. Kwenye bitana, mvuke unagonga ukuta, unageuka matone, na chapati inafika imelowa upande mmoja.

## Hesabu ya Denmark

Kuna hesabu inayowakatisha watu tamaa, na inastahili kuangaliwa bila woga. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa utafiti wa mifuko ya kubebea bidhaa dukani. Ukitazama mabadiliko ya tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane na ule wa plastiki laini. Ukijumlisha madhara yote waliyopima, idadi inaruka hadi 7,100. Kwa pamba ya kilimo hai ni 149 na 20,000.

Mfuko unaotumika mara mbili kwa wiki hufikisha 52 ndani ya nusu mwaka. Kufikisha 7,100 utahitaji miaka 68.

Namba hizo haziwezi kuhamishwa zilivyo. Mfuko wa dukani ni mkubwa na mzito. Wa sandwichi wa kitambaa cha uzito wa shuka una gramu 12 hivi. Tena ule wa plastiki waliolinganisha nao hapa haupo. Lakini mwelekeo wa hesabu ni wa kweli. Pamba mpya, tangu shambani, majini, kiwandani hadi kwenye rangi, ina gharama kubwa kwa dunia. Kununua mita tatu za kitenge kipya ili uache kutumia karatasi ya mkate uliyopewa bure ni biashara ya hasara.

Jibu ni kitambaa ambacho tayari kipo, na Nairobi haina upungufu wa kitambaa kilichopo.

## Kuchagua kitambaa

Shuka ya mtumba ndiyo chaguo langu la kwanza. Imefuliwa mara nyingi, imeshajikunyata kadiri itakavyojikunyata, rangi iliyotaka kutoka imetoka. Ishike dhidi ya mwanga: ukiona matundu kati ya nyuzi, iache. Chunguza katikati, ambako hulika na mwili wa mlalaji. Pale pamelainika kupita kiasi, kata kuelekea kingo.

Chaguo la pili ni mabaki ya mafundi. Fundi anayeshona sare za shule ama mashati ana gunia la vipande chini ya meza, na kipande cha sentimita 20 kwa 46 kwake ni takataka. Amerikani nayo ni nzuri sana, ni ya bei nafuu hata ikiwa mpya, haina rangi ya kuchuja na doa linaonekana upesi. Khanga ni nyepesi mno kwa kazi hii ikiwa tabaka moja. Na, kusema ukweli, kukata khanga nzima kwa ajili ya mandazi moyo unakataa.

Kitenge kinahitaji tahadhari. Vingi vinavyouzwa sasa ni poliesta tupu ama mchanganyiko, na macho hayatoshi kutambua. Chomoa nyuzi chache ukingoni, uzishike kwa koleo juu ya sinki, uziwashe. Pamba inawaka haraka, inanukia karatasi iliyoungua, na majivu yake ni mepesi ya kijivu yanayosagika kwa vidole. Poliesta inajikunja mbali na moto, inayeyuka, na inaacha kidonge kigumu cheusi. Mchanganyiko unatoa yote mawili. Poliesta haifai, kwani hainywi mvuke, hushika harufu ya mafuta, na chini ya pasi ya moto inang'aa na kujikunja.

Kabla ya mkasi, fua. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kiwe kigumu na cha kuvutia, na wanga ukitoka unakuta kitambaa ni chepesi kuliko ulivyodhani. Pamba mpya inaweza kupoteza asilimia 3 hadi 5 ya urefu. Mfuko uliokatwa kwa kubana kisha ukajikunyata baada ya kushonwa hauingizi mkate tena, na hakuna namna ya kuurudisha. Fua kwa maji ya moto, rudia mpaka maji yawe meupe, anika, piga pasi.

## Vipimo

Vipimo vingi vinavyosambaa vimetokana na mkate wa nchi nyingine. Pima mkate unaonunua wewe. Kanuni ni hii: upana wa mfuko uliokamilika ni upana wa slesi, ongeza unene wa sandwichi iliyojaa, ongeza sentimita 2. Kina chake hufuata kanuni hiyohiyo kwa kimo cha slesi, ila nyongeza ya sentimita 1 inatosha. Kwa slesi ya sentimita 12 na sandwichi ya unene wa 3, unapata 17 kwa 16.

Mfuko ninaousifu hapa hauna zipu. Ni foronya ndogo: kitambaa kimoja kirefu, kifuniko kimekunjwa ndani, pande mbili zimeshonwa. Kata kipande cha sentimita 20 kwa 46, urefu ukifuata kando ya kitambaa. Ukikata kwa mshazari, mfuko utavutika upande mmoja kila ukifuliwa. Mita moja ya kitambaa cha upana wa 150 inatoa mifuko 14.

Cherehani ya kukanyaga inatosha kabisa. Sindano namba 14, uzi wa poliesta (wa pamba hukatika mapema zaidi), na mshono wa urefu wa milimita 2.5.

Anza na ncha mbili fupi. Kunja sentimita 1, piga pasi, kunja tena 1.5, piga pasi, shona karibu na ukingo wa ndani. Sasa urefu ni sentimita 41.

Laza kitambaa mezani, upande mbaya ukitazama juu. Ncha moja ikunje sentimita 9 kuelekea katikati. Hicho ndicho kifuniko. Ncha ya pili ilete juu yake mpaka pindo lake lifike sawasawa na mkunjo wa kifuniko. Una mstatili bapa wa 20 kwa 16, kifuniko kimejificha ndani, upande mzuri uko nje. Fundi atakwambia umekosea, kwamba hushoni upande mzuri ukiwa nje. Mwache aseme.

Shona pande zote mbili kwa nafasi ya nusu sentimita. Kisha chukua mkasi upunguze nafasi hiyo ibaki milimita 3. Geuza mfuko nje ndani, sukuma pembe kwa kijiti butu, piga pasi ili mshono ukae ukingoni kabisa. Shona tena pande zote mbili, safari hii kwa nafasi ya milimita 8. Geuza. Nyuzi zote zilizokatwa zimefungiwa ndani ya mshono wa pili, hakuna mahali pa kuchomoka wala pa kushika makombo. Chini hakuna mshono wowote, ni mkunjo tu.

Hatua ya mkasi ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoharibu. Usipopunguza, mshono wa pili unaweza usifunike nyuzi zote. Zinachungulia kwa nje, na zinazidi kila mfuko ukifuliwa.

## Mahali penye tabaka kumi

Kuna sehemu moja ambapo cherehani hugoma. Ni pale juu kwenye mdomo, ambapo pindo la mbele linakutana na kifuniko na mgongo wa mfuko. Hesabu: pindo ni tabaka tatu, kifuniko moja, mgongo moja, jumla tano. Katika mshono wa pili zinajikunja zikawa kumi.

Kwa shuka ama amerikani, sindano namba 14 inapita ukienda polepole. Kwa kitambaa kinene cha suruali haipiti: inapinda, inaruka mishono, ama inavunjika na kipande kuruka usoni. Badilisha uweke namba 16, ponda sehemu hiyo kwa nyundo ndogo juu ya ubao mpaka ilale, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kwa mishono saba ama minane. Mguu wa cherehani ukiinama kwa sababu unapanda kilima, weka kipande cha kadibodi chenye unene uleule nyuma yake ili ulale sawa.

Hapohapo rudi nyuma mara tatu. Ndipo vidole vya mtoto mwenye njaa huvuta.

Ukiona sehemu hiyo inakushinda kabisa, usijaribu kuponyoka kwa kupunguza pindo liwe la mkunjo mmoja. Piga bandi kwa mkono kwanza, ukaze, halafu urudi kwenye mashine.

## Zipu ina mahali pake

Njugu, zabibu kavu na krispi za ndizi hutoroka kwenye foronya. Kwa hizo, zipu inakubalika, kwenye mfuko mdogo wa tabaka moja, tuseme sentimita 12 kwa 10. Tumia zipu ya nailoni namba 3 ile inayouzwa kwa mita, si ya chuma. Ya chuma huchubua kitambaa na haipendi chumvi ya njugu. Ifungue nusu kabla ya kushona pande za mwisho. Usipoifungua utakuwa umeshona mfuko usio na mlango, na utafumua.

Ncha za zipu ndizo zinazooza kwanza, maana pale tepu ya zipu, kitambaa na mshono vinakutana na kubaki na maji. Ishone zipu iishie sentimita 1 kabla ya mshono wa pembeni, na ncha zake uzivike vipande vidogo vya kitambaa. Pembe inabaki laini na inakauka.

Njugu zenyewe ziwekwe humo kwa siku moja tu. Akiba ikae kwenye mkebe mkavu. Njugu zilizopata unyevu ni mahali pa kuvu inayotoa sumukuvu (aflatoksini), na mfuko wa nguo si ghala.

Velkro iache. Upande wa kulabu hushika makombo, uzi, nywele na soksi za watu kwenye beseni, na baada ya muda haushiki tena kile ulichonunuliwa kushika.

## Visivyoingia humo

Embe lililokatwa, nanasi, tikiti, kachumbari, kitu chochote cha mchuzi. Ukilazimisha utarudi kwenye bitana na yale yote tuliyosema. Nyanya kwenye sandwichi inakubalika ukiipanga katikati ya majani ya letusi ama jibini, isiguse mkate.

Kuku, yai lililopondwa na mayonezi, nyama: hapa tatizo ni saa, kitambaa hakina kosa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa cha namna hii kisizidi saa 2 kwenye joto la kawaida. Kilichofungwa saa kumi na mbili kikaliwa saa nne kimeshapitiliza, kiwe kwenye kitambaa, foili ama dhahabu. Siagi na jemu, njugu ya kupaka, avokado iliyokamuliwa ndimu, mandazi: hivyo ndivyo vya kubeba.

Chapati na mandazi vipoe kwanza kwenye ungo. Kitambaa kinapitisha mvuke, hakifanyi miujiza.

## Julai

Kufua kwenyewe ni kazi ndogo. Pindua mfuko nje ndani, ukung'ute dirishani. Penye mafuta sugua sabuni ya mche ikiwa pakavu bado, kabla ya maji, uache dakika kumi. Maji yakitangulia, sabuni haiyashiki mafuta vizuri. Osha kwa maji ya moto, suuza. Hata wakati wa mgao wa maji, lita mbili zinatosha mifuko mitano. Usitie dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa inaacha utando na harufu ya maua ndani ya mkate.

Mara moja moja ichemshe. Nairobi iko juu, mita 1,700 na ushee kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kwa kazi hii zinatosha. Iache ichemke dakika kumi.

Mtihani ni kukausha. Miezi ya Juni hadi Agosti jua halionekani siku nzima na kamba ya roshani haisaidii kitu. Ikunje mifuko ndani ya taulo kavu, uikamue kwa kuikanyaga. Itundike nje ndani, mdomo ukiwa chini, kibanio kikishika mkunjo wa chini. Asubuhi shika mshono wa pembeni kwa midomo. Vidole vikiwa na baridi hudanganya, midomo haidanganyi. Ukihisi ubaridi, pasi ya moto inamaliza kwa nusu dakika. Hapo ndipo tabaka moja linalipa: pasi inafika kila mahali.

Mtoto mmoja anahitaji mifuko sita, mitano ya wiki na mmoja wa Julai.

Kuvu nyingi haianzii kwenye kamba hata hivyo. Inaanzia Ijumaa. Mfuko unabaki kwenye begi la shule ukiwa na nusu ya mandazi, begi linatupwa nyuma ya mlango, na linafunguliwa Jumapili jioni. Vidoa vyeusi vikishaingia kwenye uzi havitoki kwa kuchemsha. Kuchemsha kunaua kuvu lakini rangi yake inabaki. Mwenye mfuko mweupe anaweza kujaribu bleach iliyochanganywa na maji mengi, kisha kusuuza mpaka harufu iishe. Ukionekana umechakaa hata baada ya hapo, ufanye kitambaa cha kufutia meza.

## Ukienda kwa fundi

Asiye na cherehani ampelekee fundi wa mtaani, lakini apeleke vipande vikiwa vimefuliwa, vimekatwa na kupigwa pasi. Ukimpa kitambaa kizima, atakata kwa kukadiria. Na atataka kutia bitana. Kwake mfuko usio na bitana haujaisha, ni aibu ya kazi yake.

"Fundi, usitie bitana wala ovaloki. Shona nje kwanza, punguza, geuza, shona tena."

"Mama, hii itakuwa rahisi sana."

"Ndivyo ninavyoitaka."

Mpe sampuli ya karatasi iliyokunjwa, yenye alama ya sentimita 9 ya kifuniko, maana maneno matupu yanamfanya ashone kifuniko nje kama bahasha. Agiza mmoja tu. Ufue, uanike usiku mmoja ndani ya nyumba, uingize sandwichi yenyewe ya mkate wenu. Ikikwama mdomoni, ongeza sentimita 1 kwenye upana, si kwenye kina, ndipo ukaagize mingine mitano.